Samaki Asiyejibu Shikamoo

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Ni shairi gani unalolikumbuka mpaka leo bila kushika karatasi? Usinitajie lile ulilokariri kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, maana hilo uliliacha palepale kwenye chumba cha mtihani. Nazungumzia lile la kipuuzi. Lile la utotoni, mlilokuwa mkiimba njiani mkitoka shule, mkicheka mpaka madaftari yanaanguka. Umelikumbuka, ee? Naona unatabasamu.

Ajabu, au siyo? Tumesahau kanuni za hesabu, tumesahau tarehe za vita vyote tulivyofundishwa, na wengine hata sura ya mpenzi wa kwanza imefutika (jamani!). Lakini upuuzi wa miaka saba umekaa kichwani kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyehama.

Swali la kwa nini mashairi ya kuchekesha yanadumu namna hii lilinijia nikiwa mtu mzima, baada ya kuolewa. Na kwa kweli lilinijia kwa njia ya samaki.

NYUMBA YENYE PICHA UKUTANI

Mimi ni mke wa pili wa mume wangu, ila sikukuta mke mwenza. Nilikuta picha ukutani na mtoto wa kike wa miaka sita. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla sijaingia kwenye nyumba ile.

Tunaishi Mbinga mjini, kule juu kwenye baridi, nchi ya Wamatengo, ya kahawa na ngoro. Kama hujawahi kuziona ngoro, ni yale mashimo ya kilimo yanayopangwa mlimani kwa miraba: nyasi zinakatwa, zinalazwa, zinafukiwa kwa udongo, na shimo la katikati linashika maji ya mvua ili udongo usikimbie. Ukitazama kwa mbali, mlima mzima unafanana na sega la nyuki.

Sasa, watu wa huku na salamu ni chanda na pete. Mtoto akipita bila kutoa shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yake. Na huyu wa kwetu alikuwa hasalimii. Hakuwa bubu. Usiku alinong'ona na baba yake, na shuleni akiambiwa asome alisoma. Lakini tangu msiba, mkubwa akimwambia neno, yeye aliangalia vidole vya miguu yake na kufunga mdomo. Mimi hakuniita mama, hakuniita mama mdogo, hata anti hakuniita. Miezi minne nilikaa nyumbani mwangu bila jina. Akitaka chumvi, alisubiri nigeuke upande wake, kisha akaionyesha kwa kidole.

Nilimshonea gauni. Nilimsuka. Alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofunzwa na marehemu mama yake, kimyakimya, akaondoka. Na si unajua mitaa yetu! Upande mmoja wakasema mama wa kambo ndiye anamtesa. Upande mwingine, akiwemo wifi yangu, wakasema mtoto amejaa kiburi na dawa yake inajulikana, iko kwenye mti wa mpera. Mume wangu akawa anachelewa kurudi nyumbani, maana kila akiingia alikuta watu wawili anaowapenda hawaongei. Usiku tulianza kugombana juu ya vitu vidogo, mara taa, mara maji ya kuoga. Mwenzangu uliyewahi kuingia kwenye ndoa yenye mtoto unajua nazungumzia nini. Ndoa inaweza kufa kwa kimya cha mtu wa kimo cha meza.

SAFARI YA ZIWANI

Likizo ya Juni mume wangu akasema twende tukamsalimie bibi, mama mzazi wa marehemu, katika kijiji kimoja jirani na Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Zamani huko kote kulikuwa Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 mwambao umekuwa Wilaya ya Nyasa, makao yake Mbamba Bay.

Kutoka Mbinga unashuka, unashuka, unashuka. Siku hizi kuna lami mpaka Mbamba Bay, kilomita zisizofika 70, na masweta yanavuliwa njiani moja baada ya jingine. Kahawa inakuacha, miembe na mihogo inakupokea, halafu ziwa hilo limekaa mbele yako, la bluu, ng'ambo yake huioni vizuri. Kutoka hapo unafuata mwambao kwenda kaskazini mpaka Liuli, pale ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lililojichomoza majini kama mnyama aliyelala.

Niseme ukweli, niliogopa. Unaingiaje kwenye uwanja wa mama ambaye mwanaye ndiye aliyekuwa na kitanda unacholalia wewe? Nilibeba kitenge, sukari na kahawa ya kwetu, lakini mikono ilikuwa inatetemeka.

Tulimkuta anaanika dagaa. Nikapiga magoti mchangani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, poleni na safari."

Mwanangu! Nikashindwa kunyanyuka. Akamgeukia mjukuu wake. Mjukuu akatazama vidole vya miguu. Upepo wa mwera ulikuwa unavuma, dagaa wananukia, na sisi watu wazima tumesimama tunangoja neno moja. Mume wangu akaanza kuunguruma: "We mtoto, msalimie bibi yako!"

Bibi akamkatisha, kwa upole tu. "Mwache, baba. Huenda mdomo umejaa."

Akarudi kwenye dagaa wake. Akawa anawageuza huku anasema, kama mtu anayeongea na dagaa:

"Samaki mama wa Nyasa,
watoto tele kinywani,
kaambiwa shikamoo,
ajibuje masikini?

Akisema marahaba,
wanamwagika majini;
akinyamaza, husemwa:
'Ana kiburi moyoni!'"

Hapa nikupe habari kidogo ya samaki wenyewe, maana utani huu una ukweli ndani. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, na mama zao wengi hulea mdomoni. Mama hutaga, huyachukua mayai kinywani, na hukaa nayo wiki kadhaa, mara nyingi bila kula. Wakishaanguliwa, hatari ikija vifaranga hurudi mbio na kuingia mdomoni. Watoto wa mwambao wanalijua hilo tangu wadogo, kwa sababu ukivua samaki wa namna hiyo anaweza kukutemea familia nzima mkononi.

Basi bibi alipomaliza, kimya. Akageuza dagaa wa mstari wa pili. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo nisicheke, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule samaki kabisa, macho yamemtoka, jirani amesimama mlangoni anangoja marahaba yake.

Mara nikasikia sauti nyembamba chini yangu. "Atatikisa mkia."

Bibi hakugeuka. Hakupiga makofi, hakusema "Ooh, ameongea!" Akachukua mstari ule kama mtu anayepokea ndoo kwa mwenzake, akaumalizia: "Ndiyo salamu ya chini."

"Chini wapi?" akajiuliza kwa sauti.

"Chini ya maji," mtoto akamjibu.

Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa amegeukia ziwani, anajifanya anatafuta mitumbwi.

KWA NINI ANACHEKA

Wiki ile nilijifunza darasa ambalo sikulipata popote. Bibi hakuwa na kitabu hata kimoja cha mashairi. Alikuwa nayo kichwani, mengine ya zamani, mengine anayatunga akiwa anakoroga ugali wa muhogo. Nami nikawa namtazama mtoto, siyo bibi. Nikaona jambo: kila alipocheka, alicheka kwa sababu alijua zaidi ya shairi. Bibi akimpandisha mbuzi kwenye mtumbwi na kumpa nyavu, mtoto anaruka: "Mbuzi havui!" Bibi anashangaa: "Havui? Toka lini?" Na mtoto, ambaye siku nzima anaambiwa fanya hivi, usifanye vile, kwa dakika moja anakuwa hakimu na mkubwa anakuwa mjinga. Raha iliyoje!

Baadaye nilikuta kwamba mshairi mmoja wa Urusi, Kornei Chukovsky (1882–1969), aliliona hilohilo. Alikuwa mtunzi wa mashairi ya watoto, na akaandika kitabu kuhusu lugha ya watoto wa miaka miwili hadi mitano. Anasimulia jinsi binti yake, hajatimiza hata miaka miwili, alivyomjia siku moja na uso wa utundu kumwambia kwamba mbwa analia kama paka. Chukovsky akaelewa kuwa mtoto hajakosea. Amejua vizuri mbwa analiaje, ndiyo maana ameweza kuigeuza dunia juu chini na kucheka. Mtoto asiyejua mbwa analiaje haoni utani wowote hapo.

Hebu sasa uipeleke hoja hiyo kwenye samaki wa bibi. Ili mtoto acheke, lazima ajue kwamba shikamoo hujibiwa marahaba, na kwamba asiyejibu huonwa ana kiburi. Lile shairi limebeba adabu yote ya salamu, bila fimbo ya mpera.

WIFI NA MAMBA WAWILI

Tuliporudi Mbinga, binti yetu alikuwa anasalimia. Ila alikuwa anasalimia kwa mkia! Mkubwa akipita, anatikisa kiuno kidogo na kutabasamu. Wazee wengine walicheka. Wifi yangu hakucheka. "Unamfundisha mtoto kuidhihaki shikamoo," akaniambia mbele ya wageni. "Shikamoo siyo ya kuchezea."

Nilimheshimu, na sikumbishia mbele ya watu. Hofu yake ni ya zamani na wapo waliokuwa nayo wakubwa kuliko yeye. Huyo Chukovsky alitunga shairi refu la kuchekesha kuhusu mamba, na tarehe 1 Februari 1928 Krupskaya, mjane wa Lenin, akalishambulia kwenye gazeti la Pravda kwamba halifai watoto. Mjane wa Lenin dhidi ya mamba wa watoto! Mashairi yake yalipata taabu kuchapishwa kwa muda, lakini leo babu na wajukuu kule Urusi bado wanayajua kwa moyo.

Na kuna mamba mwingine. Uingereza, mwaka 1715, Isaac Watts aliwatungia watoto mashairi ya mawaidha, mojawapo likimsifu nyuki kwa bidii ya kazi, ili watoto wasizurure. Vizazi na vizazi vya watoto vilikaririshwa shairi lile. Mwaka 1865 Lewis Carroll akamtoa Alice wake, na Alice anapojaribu kulikariri shairi la nyuki, linatoka mdomoni limegeuka: badala ya nyuki mchapakazi, kuna mamba anayewatabasamia samaki wadogo ili waingie kinywani. Leo wengi wanaomjua yule mamba hawajawahi hata kumsikia yule nyuki. Kitabu chenyewe kimefika mpaka kwetu: kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akatupa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Sisemi mawaidha hayana kazi. Tumelelewa kwa methali na tunazihitaji. Ila wawaidha hukaa mlangoni wakibisha hodi, wakati mchekeshaji ameshaingia jikoni.

MIZANI KWENYE MASIKIO

Jambo la pili linalofanya mashairi haya yadumu ni mwili wake. Nilipotulia nikahesabu mizani za bibi kwa vidole: nane, nane, nane, nane. Vina vyake: kinywani, masikini, majini, moyoni. Mstari wa shairi la Kiswahili tulilofundishwa sekondari una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Yaani bibi wa mwambao, mwenye dagaa mkononi, alikuwa anakwenda na kipimo kilekile cha washairi wakubwa, akakikata nusu ili kitoshe mdomo wa mtoto.

Na Kiswahili chetu kina bahati. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, basi vina havituhangaishi, mtoto wa miaka sita anaweza kuviokota kama maembe yaliyoanguka. Faida yake siyo kicheko tu. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Nature. Waliwafuatilia watoto wapatao 400 wa miaka minne na mitano ambao hawajaanza kusoma, na wakaona kwamba wale wenye masikio mepesi ya kutambua maneno yanayofanana sauti walikuja kusoma na kuandika vizuri zaidi miaka iliyofuata. Sasa jiulize ni mtoto gani atakaa chini afanye mazoezi ya sauti kwa hiari yake? Mpe samaki mwenye kiburi, atayafanya mpaka umwombe alale.

KAMBARE

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Shairi halikumrudisha mama yake. Picha bado iko ukutani, na itabaki pale. Zilikuwepo siku alizorudi kwenye kimya chake, hasa ikinyesha, maana mama yake alizikwa siku ya mvua. Siku hizo sikumlazimisha. Niliuliza tu, "Mdomo umejaa?" Akitikisa kichwa kwamba ndiyo, tuliishia hapo. Tulikuwa tumepata neno la kusemea jambo ambalo sote tulikuwa tunalikwepa, na neno lenyewe lilikuwa la kuchekesha, kwa hiyo halikuchoma.

Jioni moja tunachambua maharage, nikamsimulia kitu nilichosoma. Katika Ziwa Nyasa kuna samaki mmoja mkubwa wa jamii ya kambare ambaye hulinda watoto wake kwenye kiota. Watafiti wamekuta kwamba kati ya vifaranga vyake huwemo vifaranga vya samaki wengine kabisa, na kambare anawalinda wote pamoja.

Akaacha maharage. "Hajui kuhesabu?"

"Hata mimi sijui," nikamwambia. "Labda anaona wamezidi, ananyamaza."

Akafikiri. Tukaanza kulisuka, mstari wangu, mstari wake, tukipimia kwa vidole. Hili hapa, na mstari wa mwisho ni wa kwake peke yake:

"Kambare ana watoto,
jana walikuwa kumi,
leo kumi na mmoja:
'Huyu nani?' 'Eti, mimi!'"

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mimi nilicheka nusu, nusu nyingine niliificha kwenye kanga. Kesho yake asubuhi, niko chumbani, nikasikia jikoni: "Kambare! Chumvi imeisha!"

Baada ya miezi yote ile nikawa nimepata jina. Mbele ya watu ananiita mama mdogo, kwa adabu zote. Ndani ya nyumba mimi ni Kambare, na mume wangu siku hizi anarudi mapema, anasema anataka kusikia samaki wamesemaje leo. Wifi yangu bado hajacheka, na sidhani kama atacheka karibuni. Lakini binti akimwona anapiga goti na kutoa shikamoo ya mdomo, kwa sauti, na wifi anaijibu.

SASA WEWE

Msomaji, labda huna mtoto wa kambo. Labda unaye wa kwako wa kuzaa, lakini kazi, foleni na simu vimekaa katikati yenu, na mazungumzo yamebaki "Umekula? Umeoga? Lala." Usingoje kununua kitabu, ingawa ukikipata nunua. Anza usiku wa leo na mstari mmoja wenye uongo ambao yeye ataugundua: kuku amekwenda saluni, babu amevaa soksi masikioni, chochote. Akikusahihisha, shangaa. Bisha kidogo. Mwache ashinde.

Usianze na somo, na usimwitie wageni waje kumsikiliza. Bibi wa Liuli alifanikiwa kwa sababu hakugeuka. Aliendelea na dagaa wake, akamwachia mtoto nafasi ya mstari mmoja, na mtoto akaingia mwenyewe. Pima mizani kwa vidole ukiweza, usipoweza acha, watoto hawana ubaguzi wa vina. Na ukiishiwa mistari, mwombe yeye akukopeshe. Anayo mingi, na hatakudai.